Mshono wa Nyuma, Mshono wa Mbele: Kurudi Kwenye Tendo la Ndoa Baada ya Kubadilishwa Nyonga

Barazani kwetu Mji wa Kale, hatua chache kutoka Ndia Kuu, tuko wanaume wawili wenye nyonga za kununua. Mimi ya kushoto. Jirani yangu, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu, ya kulia. Tulipasuliwa kwa kupishana miezi miwili, kila mtu hospitali yake. Tulishazungumza yote: magongo, ngazi, matatu zisizomngoja mtu mzima akae ndipo ziondoke. Lile moja hatukuligusa. Hadi jioni moja wenzetu walipokwenda kuswali Ishaa, sisi tukabaki, maana msikiti una ngazi na swala zetu bado zilikuwa za kitini, nyumbani. Mwalimu akakizungusha kikombe chake cha kahawa tungu kiganjani, akauliza chini kwa chini: "Yakhe, wewe daktari alikukataza nini?"

Nikamtajia. Nisikunje nyonga kupita nyuzi 90. Nisipishanishe miguu. Nisiugeuze mguu uliopasuliwa ukaangalia mwenzake. Mwalimu akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekosea hesabu nyepesi. "Mimi nimeambiwa nisiupeleke mguu nyuma," akasema, "na nisiugeuze nje."

Mimi nilikuwa mbele yake kwa miezi miwili, na alichokuwa akikitaka ni ushauri wa mtu aliyetangulia. Ningempa, na ningempa kwa moyo safi, na ungekuwa ushauri mbovu kwake kuliko kimya. Kwa hiyo ukitaka kuchagua lini, vipi na juu ya kitanda gani, anza na swali hili moja: daktari wako alipita upande gani?

Alipopita ndipo palipo dhaifu

Nyonga ni mpira ndani ya kikombe. Mpira ni kichwa cha fupa la paja, kikombe kimo kwenye fupanyonga. Upasuaji huu kwa namna tunayoijua leo ulitengenezwa na John Charnley huko Uingereza, mwaka 1962: kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe cha plastiki. Vifaa vimekuwa bora tangu hapo, ila kanuni ni ile ile. Mpira mpya hushikiliwa na misuli na utando mgumu unaokizunguka kiungo, na daktari hawezi kufika ndani bila kuupasua utando huo mahali fulani. Wiki za kwanza, pale alipopita ndipo mpira utakapotafuta pa kutokea.

Mshono wa nyuma, kama wangu, hupinda kuelekea tako. Misuli midogo ya nyuma ya nyonga hukatwa kisha hushonwa tena. Mpira hutoka kwa nyuma iwapo mtu atakunja nyonga sana, akavusha mguu upande wa pili na kuugeuza ndani, hasa akiyafanya matatu kwa pamoja. Mshono wa mbele, kama wa Mwalimu, uko mbele ya paja chini ya mfuko wa suruali. Daktari hupenya katikati ya misuli badala ya kuikata. Hatari yake ni kinyume: mguu kwenda nyuma ya mwili huku umegeuzwa nje. Wako pia waliopasuliwa ubavuni, ambako sehemu ya msuli wa kunyanyulia mguu kando huachanishwa. Hao makatazo yao hufanana zaidi na ya mbele, na wengi huchechemea kwa muda.

Usiupime mshono kwa kioo cha chooni. Wa ubavuni na wa nyuma hufanana machoni pa mtu asiyejua. Tazama karatasi uliyopewa ulipotoka hospitali, au uliza. Siku hizi pia wapasuaji wengine hutumia mpira mkubwa, wa milimita 36 kwa mfano badala ya 28, na mpira mkubwa hauteguki kirahisi. Ndiyo maana unaweza kukutana na mtu wa mshono wa nyuma ambaye hakukatazwa karibu chochote. Hakudanganywa, na wewe uliyekatazwa hukudanganywa pia.

Wiki ya tatu, ya sita, au ya kumi na mbili?

Wengi huruhusiwa kati ya wiki ya nne na ya nane, na wiki ya sita ndiyo inayotajwa sana. Wapo wapasuaji wanaosubirisha hadi wiki ya 12, kwa sababu ndani ya miezi hiyo mitatu ya kwanza ndipo nyonga nyingi zinazoteguka huteguka. Wa mshono wa mbele mara nyingi huambiwa mapema kidogo. Mwalimu aliambiwa wiki ya nne, mimi ya sita.

Mimi sikuambiwa. Mke wangu ndiye aliyeambiwa. Hospitali nilikopasuliwa walinipa kijitabu cha Kiingereza chenye picha za namna ya kupanda gari, kushuka gari, kuvaa soksi kwa kifimbo. Soksi, Mombasa! Kitandani kilisema mtu alale chali, basi. Siku ya kurudi kuonwa daktari akauliza kama nina swali, nikasema sina. Mke wangu akaweka sawa ukaya wake akasema: "Daktari, na mambo ya chumbani?" Daktari akajibu kwa dakika mbili bila haya yoyote, kisha akamwita fizio, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, atuelezee vizuri. Si hospitali ile tu. Mwaka 2004 kulichapishwa Marekani utafiti uliowauliza wapasuaji wa nyonga wenyewe, na ikadhihirika kwamba ni nadra wao kuzungumza jambo hili na wagonjwa. Mgonjwa anaona haya, daktari anasubiri aulizwe, na mke amekaa katikati na mkoba wake.

Ukiniuliza mimi, kuchagua wiki ya tatu ni haraka isiyo na faida. Mshono umefunga juu tu, ndani bado. Wengi mnakuwa bado mnameza au kudungwa dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo baada ya nyonga hutumiwa hadi karibu siku 35, na pigo dogo pajani huacha vilio vya damu. Bado mnatumia pia dawa kali za maumivu. Tramadol na jamaa zake hufunga tumbo na hupunguza hamu, na mtu asiyejua hudhani kisu kimemkata nguvu. Wiki ya sita una mguu wa kukubeba. Wiki ya 12 una nyonga ya kuamini, na hapo mikao iliyofungwa huanza kufunguliwa.

Kuna kipimo kingine kisichohusu nyonga. Tendo lenyewe huuchosha moyo karibu sawa na kupanda ngazi za ghorofa mbili kwa mwendo wa haraka kidogo. Kwa mtu wa Likoni, pima kwa ule mwinamo wa kivukoni ukitoka kwenye feri. Ukifika juu bila kifua kubana wala kuhema vya kutisha, moyo hauna pingamizi. Ukibanwa, kamwone daktari wa moyo kwanza, nyonga itangoja.

Mikao: palipo halali kwangu na haramu kwake

Mwaka 2014 watafiti wa Geneva walipima kwa kamera za mwendo mikao 12 ya kawaida, wakaviingiza vipimo hivyo kwenye nyonga za bandia ndani ya kompyuta. Minne ilileta shida kwa mwanamke, yote ya kukunja nyonga kupita nyuzi 95. Kwa mwanamume ulikuwa mmoja tu: ule unaogeuza mguu nje zaidi ya nyuzi 40 huku umenyooshwa nyuma na kuvutwa kuelekea katikati. Waliojitolea kupimwa walikuwa watu wawili tu, kwa hiyo si msahafu. Lakini umenipunguzia hofu nyingi. Mwanamume, kwa umbile la tendo lenyewe, hakunji nyonga sana, huinyoosha. Sasa angalia jambo hilo linamwangukia nani: mimi wa nyuma, kunyoosha hakunidhuru. Mwalimu wa mbele, kunyoosha ndiko alikokatazwa. Mkao mmoja wa hatari kwa mwanamume ni wa kwake yeye, si wangu.

Chali, mke juu. Huu ndio mwanzo wa wote wawili, na kama ungetaka mmoja tu kwa miezi mitatu, chukua huu. Ila hata hapa mito haikai mahali pamoja. Mimi niliachanisha miguu kidogo, vidole vikiangalia dari, na mto kati ya magoti ili miguu isikutane. Mwalimu aliwekewa mto mdogo chini ya magoti, nyonga ikunjike kidogo, na taulo lililokunjwa kama chapati upande wa nje wa paja lake la kulia ili mguu usibingirike nje. Mke abebe uzito wake mwenyewe kwa magoti na mikono, asikae mzimamzima juu ya fupanyonga. Akishuka, ashukie upande mzima. Na wewe usijiinue kuketi katikati ya shughuli kwa shauku ya kumkumbatia: hapo kiwiliwili kinakuja mbele, magoti yamekunjwa, na nyuzi 90 zimepita bila kujua. Mwenye mshono wa nyuma aandike hilo ukutani.

Kusimama, mke akiwa ameegemea kitanda au meza nzito. Kwangu huu ulikuwa wa pili kwa usalama na, nitasema kweli, wa kwanza kwa raha, kwa sababu ndio uliokuwa haunifanyi nijione mgonjwa. Nyonga imenyooka, uzito umegawika miguu miwili, gongo liko karibu. Mwenye mshono wa mbele anaweza pia, kwa sharti la kutanguliza mguu uliopasuliwa nusu hatua mbele, usibaki nyuma ya mwili anaposukuma. Sakafu iwe kavu. Nyumba zetu nyingi zina vigae, na kigae chenye maji ni adui wa nyonga kuliko mkao wowote. Kama urefu haulingani, mke apandishwe kwa mto au kibao. Wewe usichuchumae wala usisimame kwa ncha za vidole.

Ubavu ni wa wiki ya nane hivi. Lalia upande mzima, mkeo mbele yako, nyote mmeelekea ukuta mmoja. Kwangu hatari ni ule mguu wa juu kuangukia mbele na kuvuka, kwa hiyo mto mnene kati ya mapaja, na usiondolewe kwa sababu unakera. Kwa Mwalimu hatari ni kuusukuma mguu huo nyuma. Yeye anauacha umekunjwa kidogo mbele na kusogea kwa kiwiliwili.

Mume juu ndio mkao ambao kila mwanamume huuliza kwanza, na ndio unaopaswa kuja mwisho. Kwa upande wa nyonga ya mshono wa nyuma hauna ubaya mkubwa, paja limenyooka. Tatizo ni magoti, mikono, na namna ya kufika pale: mtu hutambaa kitandani, hukalia visigino, na kukalia visigino ni kukunja nyonga mpaka mwisho. Kwa mshono wa mbele ubaya uko kwenye msukumo wenyewe, nyonga ikinyooka kupita kiasi na nyayo zimegeuka nje. Mimi nilisubiri wiki ya kumi. Mwalimu nilimwambia asubiri ya 12 na amuulize daktari wake.

Kitini inategemea kiti. Kiti kigumu chenye mikono na kimo cha kufanya magoti yawe chini ya nyonga, sawa kwa wote. Sofa la kuzama ni zuri kwa Mwalimu na ni mtego kwangu. Na yale ya magotini sakafuni, juu ya zulia au mkeka, yaache miezi mitatu yapite. Kushuka na kuinuka ndiko kunakotegua, kabla hata ya lolote jingine.

Kitanda

Hapa wazee walitutangulia. Samadari ya bibi yangu, yenye miguu mirefu ya kuchongwa, nilikuwa nikiipanda kwa kibao utotoni. Leo naona ni kitanda kilichotengenezwa kwa mtu wa nyonga mpya: unakalia ukingoni, magoti yako yako chini ya nyonga, unajizungusha, umelala. Vitanda vya sasa vya kisasa, vya mbao za kubandika, vimelala chini kama majahazi maji yakipwa. Ukikalia magoti yanakaribia kidevu. Godoro la sakafuni, ambalo vijana wengi waliopanga chumba kimoja ndilo walilo nalo, ni gumu zaidi kwa mshono wa nyuma.

Si lazima ununue kipya. Seremala atakukatia vigogo vinne vyenye kishimo katikati, miguu ya kitanda izame ndani, visiteleze. Sisi tuliongeza inchi sita. Matofali yaliyopangwa tupu usiyajaribu. Kitanda kitahama usiku, na mtaa mzima utajua kwa nini. Godoro liwe gumu. La sponji lililobonyea katikati huwavingirisha wote wawili shimoni, na mguu huvuka wenyewe.

Jambo ambalo hakuna kijitabu kilichoniambia lilinitokea baada ya tendo. Nilikuwa nimelala salama, nimefuata kila mto. Upepo wa kusi ukapenya dirishani, nikainama kuvuta kikoi kilichokuwa kimeangukia miguuni. Mkono umenyooka, kiwiliwili mbele, goti limegeuka ndani. Nikasikia kitu ndani ya tako kikishtuka, kama bawaba ya mlango inayotaka kuchopoka. Hakikutoka. Nililala chali nikitazama pangaboi kwa nusu saa, jasho limenitoka. Tangu siku hiyo kikoi kinatundikwa kwenye mgongo wa kiti kando ya kichwa.

Kuoga nako ni hivyo hivyo. Kwa sisi ambao josho halina mjadala, ndoo sakafuni na kata mkononi ni kuinama mara 30 kwa josho moja. Ndoo iwe juu ya stuli, kata iwe na mpini mrefu, na miguu asugue mke au brashi ya mpini. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha kukalia juu yake, kwa wiki zote utakazoambiwa. Kwa mshono wa nyuma hilo si ombi. Kama bendeji bado haitakiwi kulowa, namna ya kujitwaharisha muulize sheikh wako. Dini imeacha njia, na yeye ataijua kuliko mimi.

Nyonga haikati nguvu

Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume hupita karibu na tezi dume, ndani ya fupanyonga, mbali na mahali kisu cha daktari wa mifupa kinapofika. Kubadilishwa nyonga hakuigusi. Kuna hali moja ya pembeni: aliyevunjika akatengenezwa kwenye meza ya kuvuta mguu, yenye nguzo kati ya mapaja, anaweza kupata ganzi sehemu za siri na uume kulegea kwa wiki kadhaa kwa kuwa nguzo ilikandamiza mshipa. Mara nyingi hurudi. Mengine yote tafuta kwingine: kisukari, presha, baadhi ya dawa za presha, tramadol, usingizi mbovu, na hofu. Hofu hasa.

Sasa, barazani dawa ni tatu. Supu ya pweza na mukombero, ule mzizi wa kutafuna; kisha vidonge viwili vya kusimamisha uume, sildenafili na tadalafili.

Pweza ni chakula kizuri na sina neno naye. Anakupa protini, mfupa na kidonda vinaihitaji. Mukombero tafuna ukitaka. Lakini vile vichupa vya "asilia" vya mitaani vinavyofanya kazi ndani ya saa moja, jiulize kwa nini vinafanya kazi. Nchi nyingi zimevikuta vya namna hiyo vimechanganywa sildenafili bila kuandikwa, na kipimo hakijulikani. Na muguka, yale majani ya kutafuna, ambayo mwezi Mei 2024 kaunti ilijaribu kuipiga marufuku Mombasa na mahakama ikaingilia, huwapa watu ujasiri barazani na huwanyima usingizi kitandani. Usingizi ndio unaojenga.

Sildenafili hufanya kazi baada ya dakika 30 hadi 60 na hudumu kama saa nne. Chakula chenye mafuta huichelewesha, kwa hiyo ukila biriani Ijumaa ukaimeza juu yake, utakuwa unaisubiri wakati mkeo ameshalala. Tadalafili hudumu hadi saa 36 na haijali biriani. Kwa mtu wa mito na matayarisho mengi, kutokimbizwa na saa kuna thamani. Ila nayo ina jambo lake linalotuhusu sisi: huweza kuleta maumivu ya mgongo na misuli siku ya pili. Mwenye nyonga mpya akiamka na maumivu ya kiuno hajui ni kidonge au ni chuma, na atakaa na wasiwasi siku nzima. Kwa sababu hiyo mimi mwezi wa kwanza baada ya kuruhusiwa ningechagua sildenafili, kiasi kidogo, tumbo jepesi, na tadalafili baadaye nikishaizoea nyonga yangu na maumivu yake.

Hakuna hata moja kati ya hizo mbili kwa anayetumia dawa ya moyo ya jamii ya nitrati, ile ya kuweka chini ya ulimi au vidonge vya isosobaidi; presha hushuka hadi mtu akafa. Anayetumia tamsulosini kwa ajili ya tezi dume amwambie daktari kwanza, maana zikikutana mtu husimama akaona kiza. Kuanguka chooni saa nane usiku na nyonga ya wiki saba sitaki hata kuwaza.

Na vijana. Hapa Pwani selimundu (sickle cell) si ugonjwa wa kusimuliwa, na mara nyingi ndio unaoua kichwa cha fupa la paja kwa kijana wa miaka 25 hadi akabadilishwa nyonga kabla ya kuoa. Kijana wa aina hiyo asimeze vidonge hivi kwa ushauri wa rafiki. Selimundu yenyewe huweza kusimamisha uume ukakataa kulala, na vidonge huongeza hatari hiyo. Hali hiyo ikidumu zaidi ya muda wa saa nne, ni hospitali usiku huo huo. Ukingoja asubuhi unaweza kupoteza kabisa kile ulichotaka kukiongeza.

Ukisikia mlio

Nyonga ya kauri juu ya kauri huweza kulia kama mlango mkavu, mara moja moja, na hailii wakati wa heshima. Mlio peke yake bila maumivu mtajie daktari siku ya kuonwa. Kilichoteguka hakiulizi: maumivu makali ya ghafla kwenye kinena au tako, mguu umefupika, hauwezi kuukanyagia. Wa mshono wa nyuma mguu hugeukia ndani, wa mbele hugeukia nje. Usikubali mtu auvute, awe fundi wa viungo au mjomba mwenye mikono ya baraka. Lala ulivyo, uitwe ambulansi. Na shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi zikakukatika, huenda ni damu iliyoganda, na hilo halingoji.

Fizio siku ile alipotuelezea alichukua karatasi, akachora mstari katikati. Upande mmoja akaandika "nyuma", wa pili "mbele", akaujaza wote wawili ingawa wa kwetu ulikuwa mmoja; alisema hivyo ndivyo watu wanavyoelewa. Mke wangu aliihifadhi kwenye kabati la vyombo. Jioni ile ya barazani nilipanda ngazi za nyumba yangu, mguu mzima kwanza, nikaitoa. Mwalimu alinyoosha mkono aichukue yote. Nikaomba mkasi, nikaikata katikati, nikampa nusu yake.